Likizo ya mwisho wa Juni: twende pwani ipi yenye maji ya kuogelea mchana?

#1 Mwalimu wa Kalenga

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Mwaka jana niliweka akiba kwa miezi tisa, nikaipeleka familia Unguja, pwani ya mashariki, kijiji cha Jambiani, kwa usiku nne. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 6 na 11, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuiona bahari tangu azaliwe. Picha tulizotumiwa na hoteli zilionesha maji ya samawati yakigusa ngazi za mgahawa. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta bahari haipo. Kulikuwa na mchanga, majani, madimbwi, na mstari mweupe wa mawimbi mbali sana, hata mdogo wangu akauliza kama Bara Hindi inaanzia pale. Ikawa hivyo siku zote. Maji yalirudi jioni, na kwa sababu ya upepo watoto walitoka humo wakitetemeka. Kilichotufariji ni usiku, maana mwezi ulikuwa mkubwa na ufukwe uking'aa, watoto wakacheza mpira hadi saa tatu.

Mwaka huu nimepata siku tano mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Nimebaki na majina manne: Nungwi ya kaskazini mwa Unguja, Mafia, Ushongo ya Pangani, na Diani ya Kenya. Naomba mnishauri niende wapi, na mnieleze pia nilikosea wapi mwaka jana, kwa sababu nisipolijua kosa langu nitalirudia mahali pengine kwa gharama ileile.

#2 Nahodha Mstaafu

Mwalimu, jibu lako umelitoa mwenyewe katika sentensi ya mwisho ya kisa chako. Umesema mwezi ulikuwa mkubwa. Hizo ni siku za bamvua. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, maji ya pwani yetu hupanda sana na kushuka sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na siku kali hukaribia 4. Na jambo ambalo wageni hawaambiwi ni hili: katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha hujaa alasiri, saa kumi au kumi na moja. Mwezi huu huwa hivyo, na ujao utakuwa hivyo. Kila siku saa inasogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo ukikaa usiku nne kuanzia mwezi mpevu, mchana wako wote unaangukia kwenye kupwa.

Ungekwenda juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ungekuta maji mafu. Hapo maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na yakipwa hayaendi mbali. Wazee wetu hawakuwa na majedwali ya bandari. Walihesabu mwezi mwandamo. Tarehe 14 hadi 17, na tangu 29 hadi 2, ni bamvua. Tarehe 7 hadi 10, na 22 hadi 25, ni maji mafu. Chukua kalenda ya Kiislamu, itafute tarehe ya safari yako, ndipo uchague mahali.

#3 Mama Wawili

Nahodha, shikamoo. Maelezo yako ni mazuri, lakini mfanyakazi wa kuajiriwa hachagui tarehe. Likizo anapangiwa na mwajiri, na shule nazo hufungwa kwa ratiba yake. Kwa hiyo mahali ndipo penye nafuu. Mimi nilikwenda Nungwi na wanangu mwezi wa Agosti na tuliogelea asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu Nungwi maji hayapwi. Mwalimu, nenda Nungwi, usihangaike na kuhesabu mwezi.

#4 Fundi Ramani

Naomba kumsahihisha Mama Wawili kwa heshima. Nungwi maji yanapwa, na yanapwa kwa kimo kilekile cha Paje na Jambiani, kwa sababu bahari ni moja. Kinachotofautiana ni sakafu. Mashariki ya Unguja kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani, na kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda mpana usio na kina. Maji yakishuka mita 3 juu ya uwanda wa namna hiyo, sehemu kubwa inabaki wazi. Nungwi upande wa magharibi, na Kendwa jirani yake, sakafu inateremka upesi, kwa hiyo mita zilezile 3 zinakuondolea hatua chache tu za ufukwe.

Nasisitiza upande wa magharibi. Ukipanga chumba Nungwi upande wa mashariki, unakozunguka rasi kupita mnara wa taa, utakuta uwanda uleule uliokukimbiza mwaka jana. Watu wanasema "Nungwi" kana kwamba ni ufukwe mmoja.

#5 Mkulima wa Mwani

Assalaam alaykum. Mimi ni mwenyeji wa Jambiani na nimesoma uzi huu tangu mwanzo nikiwa na jambo moyoni. Mwalimu anasema bahari haikuwepo. Bahari ilikuwepo, ila ilikuwa saa ya shamba. Wakati ule wageni wanapotoka vyumbani wakashangaa, sisi akina mama tumeshateremka tangu asubuhi na kamba zetu, tunafunga vipande vya mwani na kukaza vigingi vilivyolegezwa na mawimbi ya usiku. Kazi hiyo tunaifanya bamvua, kwa sababu maji mafu hayatuachii nafasi. Siku za maji mafu tunaanika na kupumzika.

Ukija na watoto wakati wa kupwa, usikae kwenye kiti kusubiri maji. Wavalishe viatu, kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mawe, kisha tembeeni. Mtaona kiti cha pweza, yaani nyota ya bahari, na samaki wadogo waliobaki madimbwini. Ombi langu ni moja: pitieni kando ya mistari ya mwani, msiikanyage. Kamba moja ikikatika ni juma la kazi ya mtu.

#6 Mpiga Mbizi

Nakubaliana na #2 kuhusu mwezi na #4 kuhusu sakafu, lakini wote wawili wameuacha upepo, na upepo ndio uliowatetemesha watoto wa Mwalimu. Juni ni kusi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, na pwani ya mashariki inaupokea usoni bila kinga yoyote. Ndiyo maana Paje hujaa watu wa michezo ya tiara za majini miezi hiyo. Maji nayo hupoa. Juni hadi Agosti huwa kwenye nyuzi 25 au 26, wakati Februari na Machi hufikia 29. Kwa mtu mzima tofauti hiyo ni ndogo, ila mtoto wa miaka sita mwembamba haimchukui dakika ishirini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba wakati wa kusi unajificha magharibi na kaskazini magharibi, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni, unaweza kwenda kusini na kusini mashariki. Wakati mzuri kuliko yote ni tanga mbili, pepo zinapobadilishana, hasa Oktoba, kabla vuli haijashika. Ningekuwa Mwalimu ningeahirisha.

#7 Mwalimu wa Kalenga

Nawashukuru sana. Nimeitazama kalenda ya mwaka jana, na kweli tulifika siku moja baada ya mwezi mpevu. Nahodha, sikuwahi kufikiri kwamba mwezi uliotufurahisha usiku ndio uliotunyang'anya maji mchana.

Kuahirisha sitaweza, ndugu Mpiga Mbizi, kwa sababu Oktoba niko darasani na watahiniwa. Naomba tubaki Juni. Na Mafia je? Mwanangu mkubwa ameona picha za papa potwe na haongei jambo lingine.

#8 Mhasibu

Mafia ni mahali ambapo mtu akienda mara moja hurudi. Hifadhi ya bahari ya pale ni ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995, na matumbawe ya Ghuba ya Chole nimeyaona kwa macho yangu. Lakini kwa Juni nakushauri uache. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Ukienda Juni mwanao atarudi na huzuni. Pili, kama hamwendi kwa ndege, mtapanda boti kutoka Nyamisati, na kusi ikichachamaa safari ile ni ya kutapika. Mimi nilivuka Julai moja nikiwa na mama yangu mzazi, na tangu siku ile hataki kusikia jina la mashua. Tatu, ufukwe wa Utende nao unafuata maji; wengi huogelea kwenye mafungu ya mchanga wanakopelekwa kwa mashua.

#9 Mama Wawili

Fundi Ramani, nimekubali kusahihishwa. Sasa ninakumbuka kwamba sisi tulikuwa upande wa machweo. Kuhusu papa potwe, mwambieni mtoto asikate tamaa, kwa sababu nyangumi hao huonekana hata Watamu ya Kenya kuanzia Julai.

#10 Mpiga Mbizi

Hapana, dada, hao ni viumbe wawili. Papa potwe ni samaki, ni papa mkubwa kuliko wote, anapumua kwa mashavu na anakula vijidudu vidogo vya majini. Wanaopita Watamu na pwani yetu kuanzia Julai hadi Oktoba hivi ni nyangumi wenye nundu, wanaokuja kuzaa kutoka bahari ya baridi ya kusini. Mwishoni mwa Juni bado ni mapema kuwategemea.

#11 Mkaazi wa Ukunda

Hamjambo, majirani. Naona Diani imetajwa mwanzoni kisha ikaachwa, nami siwezi kunyamaza. Diani mchanga wake ni laini kama unga wa ngano, na ukiwa umekaa chini ya miti utawaona mbega wakiruka juu yako, jambo ambalo Unguja hupati ufukweni. Watoto wakichoka na maji, karibu sana kuna Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Unaingia umefungwa kaniki kiunoni, na mzee wa kaya anakueleza kila mti.

Nitasema na upande wa pili, kwa kuwa mgeni akidanganywa hulaumu pwani nzima. Sisi pia tuna mwamba, na maji hupwa. Na wakati wa kusi mwani hutupwa ufukweni kwa marundo, siku nyingine hadi magotini, na harufu yake si ya kupendeza. Wengine hapa husema huo ni uchafu wa hoteli, lakini sivyo. Ni majani ya bahari yaliyong'olewa na mawimbi, na ndiyo yanayoshikilia mchanga usichukuliwe.

#12 Mhasibu

Diani nzuri, lakini Mwalimu ajiandae kwa kivuko cha Likoni, Mombasa. Mimi nilikaa foleni pale tangu adhuhuri hadi alasiri, nikiwa na watoto ndani ya gari lisilo na kiyoyozi.

#13 Mkaazi wa Ukunda

Ndugu Mhasibu, wewe ulitokea Nairobi. Mwalimu anatokea Tanzania, kwa hiyo atapita Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, na atafika Ukunda, mji wa Diani, kabla ya kuiona Likoni. Hata wa Nairobi siku hizi, akishuka treni Miritini, anaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu. Kitu anachopaswa kukumbuka ni hati. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania hakimtoshi kuvuka. Apate pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kwa kila mmoja, na watoto wamo.

#14 Dereva wa Segera

Nimeipita njia ya kutoka Iringa, kwenu Mwalimu, hadi Tanga mara nyingi kuliko nilivyokula ubwabwa, kwa hiyo mnisikilize kidogo. Kwa familia yenye mzee, kila badiliko la chombo ni mzigo. Unguja: basi hadi Dar es Salaam, teksi hadi bandarini, boti, gari tena hadi kaskazini. Ushongo: unakwenda Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga, kisha Pangani, unavuka mto kwa kivuko kifupi, na umefika. Ukikodi gari dogo mkiwa watano, hakuna mzigo unaobebwa kichwani.

Pale Ushongo minazi imesimama hadi mchangani na jirani yako ni mvuvi. Nilikaa siku tatu na familia yangu; maji yalirudi nyuma, lakini watoto waliyafuata kwa miguu wakayapata. Maji si ya samawati kama ya kwenye picha, kwa sababu mto Pangani unaleta tope lake. Ila kuna fungu la Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni mchanga mtupu unaozama maji yakijaa, na unakwenda kwa mashua maji yakipwa. Kwa hiyo Nahodha aniruhusu: kwa safari ya Maziwe, bamvua yako ndiyo tarehe nzuri, maana fungu linatoka lote na maji yanayolizunguka ni meupe hadi chini.

#15 Nahodha Mstaafu

Dereva, umesema kweli kuhusu Maziwe, na nimefurahi kukumbushwa, kwa kuwa mimi nilizaliwa ng'ambo ile. Lakini muulize mwenye mashua kuhusu kusi kabla ya kulipa. Bamvua na kusi vikikutana, mnaondoka asubuhi bahari ikiwa shwari na kurudi mchana mkiwa mmelowa hadi mifupani. Ondokeni alfajiri.

#16 Mswahili wa Maskati

Salamu kutoka Maskati. Huku Juni joto linapita nyuzi 40, na sisi tunaotamani baridi tunakwenda kusini, Salala, ambako tangu mwishoni mwa Juni mvua ya rasharasha na ukungu hufunika milima ya Dhofar ikawa kijani kama Pemba. Nalitaja hili kwa sababu upepo unaoileta mvua hiyo ni kusi hiyohiyo inayomtetemesha mtoto wa Mwalimu. Ikivuka ikweta inageuka na kuja kutoka kusini magharibi. Babu zangu waliufuata kurudi Omani kwa majahazi. Kwa hiyo, Mpiga Mbizi, usiubeze upepo huo.

Pemba, kwa jumla, mbona hakuna aliyeitaja? Ufukwe wa Vumawimbi, kando ya msitu wa Ngezi, nimeuona ukiwa hauna mtu hata mmoja siku nzima.

#17 Mpiga Mbizi

Sikuubeza, kaka, nimesema mtoto anahisi baridi. Na Vumawimbi jina lake linajieleza. Si mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka sita wakati wa kusi.

#18 Mpokea Wageni

Nimefanya kazi mapokezi ya hoteli za ufukweni kwa miaka kumi na mmoja, na ninaona nyote mnazunguka chanzo bila kukigusa. Picha hupigwa siku moja katika mwaka: Januari au Februari, anga safi, maji yamejaa, saa ambayo jua liko nyuma ya mpiga picha. Mgeni ananunua saa ile moja. Mwezi, upepo na sakafu vilikuwepo tangu zamani, na mtu angeuliza swali moja tu kwa simu, "siku nitakazokuja, maji yanajaa saa ngapi?", angejibiwa. Sisi tunalo jedwali mezani. Katika miaka yangu yote, walioniuliza hivyo kabla ya kulipa hawafiki kumi.

#19 Mkulima wa Mwani

Ndugu Mpokea Wageni, na ninyi mngeweza kuwaambia kabla hawajauliza. Mgeni kutoka bara atajuaje kwamba kuna swali la kuuliza?

#20 Mwalimu wa Kalenga

Nimeyasoma yote mezani, mbele ya familia, na limetokea jambo ambalo sikulitarajia. Nilipofika kwenye maneno ya Mkulima wa Mwani, mama mkwe aliniambia nisimame hapo, nisiendelee kusoma. Akasema yeye mwaka jana hakukosa chochote. Kumbe asubuhi zile nilipokuwa nimekaa nikiyasubiri maji, yeye aliteremka na akina mama wa kule, wakamwonesha kuokota kombe kwa kutazama vitundu viwili vidogo mchangani, naye akawaeleza jinsi tunavyopanda viazi mviringo kwetu. Zile kombe tulizokula siku ya tatu nilidhani zimenunuliwa. Anataka kurudi Jambiani, kulekule, na bamvua ileile.

Mke wangu anataka Kendwa, kwa hoja ya Fundi Ramani. Mwanangu mkubwa, baada ya kuambiwa papa potwe hawapo, amehamia Maziwe. Mwezi nimeuhesabu: siku zangu tano zinaanzia tarehe 9 ya mwezi mwandamo na kuishia tarehe 13.

#21 Nahodha Mstaafu

Basi unaanza na maji mafu na kuondoka bamvua ikikaribia. Siku mbili za mwanzo maji yatakuwepo karibu asubuhi yote hata mashariki, na siku ya mwisho mama mkwe wako ataanza kuona mchanga. Jambiani inawezekana kwa wote.

#22 Mpiga Mbizi

Na kusi?

#23 Fundi Ramani

Kwa kusi, Kendwa. Kutoka Jambiani hadi Kendwa ni mwendo wa gari wa saa mbili hivi, kisiwa si kikubwa. Siku tatu huku, mbili kule.

#24 Dereva wa Segera

Mzee, watoto, mabegi, na kuhama hoteli ndani ya siku tano! Fundi, wewe umepima ramani tu, hujawahi kupakia. Mwalimu, njoo Ushongo.

#25 Mkulima wa Mwani

Mwalimu, popote mtakapoamua, mfikishie salamu mama. Kama ni Jambiani, mwambie siku ya tarehe 13 aje na viatu vya mpira na ndoo ndogo, tutateremka saa mbili asubuhi. Viazi anavyovisifu aje navyo.

#26 Mama Wawili

Na mimi naomba kuuliza, kwa sababu likizo yangu ni Desemba katikati: kaskazi ikianza, Kendwa bado pametulia, au ndipo upepo unapoingia?